Swali Lililoachwa Wazi

Area 25, Lilongwe
7 Aprili 2025

Mama Mdogo Antoinette,

Barua hii anakuletea Alexis, yule anayenunua vitenge hapa mjini, Kawale, na kuviuza huko kambini Dzaleka. Usishangae kwamba nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na nikikutumia sauti, majirani wa kulia na wa kushoto wanaisikia kabla yako. Haya ninayotaka kukuambia si ya majirani.

Nimepata kazi ya miezi michache. Kuna wataalamu wa mazoezi ya viungo, Wamalawi na wageni, wenye maswali yaliyotungwa kwa Kiingereza ili kujua wanawake wanafahamu nini kuhusu mwili wao sehemu za chini: mkojo unaovuja, kizazi kinachoshuka, maumivu yanayobaki baada ya kuzaa. Hawampimi mtu. Wanasoma jambo, halafu wanauliza kama ni kweli au si kweli. Wakishaona ni wapi watu hawajui, wataanzisha mafundisho kwenye kliniki. Maswali yameshawekwa kwa Chichewa. Sasa wanayataka kwa Kiswahili chetu sisi watu wa Kongo, na kazi hiyo wamenipa mimi kwa sababu nilisoma uuguzi Bukavu. Anayetuongoza ni Daktari Thokozani, mwanamke mpole lakini mwenye haraka.

Nimetafsiri yote. Nikiyasoma naona ni Kiswahili safi kabisa, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi, kwa sababu hakuna mama ninayemjua anayesema hivyo. Naomba uwakusanye bamama wa kikundi chenu cha kanisa, mahali pasipo na wanaume, uwasomee. Kisha uniandikie walipokwama, waliponuna, walipocheka. Usinihurumie.

Kibali changu cha kuishi mjini kinategemea kazi hii. Ikiharibika, nitarudi kambini nikiwa nimeaibika.

Na Gabriella je? Nikipiga simu haishiki. Nikituma ujumbe ananijibu neno moja: "Sawa." Tangu amzae Cadeau, mdogo wangu amekuwa kama mtu niliyemkosea. Kama ni kwa sababu sikufika alipojifungua, mwambie nilikosa ruhusa, sikukosa moyo.

Mwanao,
Raïssa

*

Dzaleka
16 Aprili 2025

Mwanangu Raïssa,

Nimepokea bahasha na karatasi zote. Sisi tuko, tunashukuru Mungu.

Tulikutana kwenye chumba cha kushonea nyuma ya kanisa. Niliwaambia bamama basimamishe mashine, mlango nikaufunga. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Neno la kwanza tu tukakwama. Umeandika "sakafu ya nyonga". Mama Olga akauliza, "Sakafu? Ya simenti ao ya udongo?" Bamama balicheka mpaka mmoja akateleza kwenye benchi. Olga hakuacha. "Nyumba yangu mwenyewe haina simenti. Hiyo sakafu ya huko chini nani aliipiga?" Mi nami nilicheka, nisamehe. Lakini tafuta neno lingine.

Kicheko kiliisha tulipofika kwenye majibu. Kila swali umeliwekea KWELI, UONGO, SIJUI. Nilimsomea Mama Kaneza: "Mkojo kuvuja ni jambo la kawaida kwa kila mwanamke aliyezaa." Akajibu kweli. Nikatazama ile karatasi yako ya majibu, nikamwambia, "Hapana, hiyo ni uongo." Akasimama.

"Mama Antoinette, mi nasema uongo?"

"Si wewe. Ni hilo neno."

"Siku ya interview ya kupelekwa ng'ambo baliniuliza vile vile, kweli ao uongo, na dosiye yangu imelala ofisini mpaka leo. Sasa hata mukojo yangu ni uongo?"

Hapo chumba kikabadilika. Wakaanza kuuliza karatasi hizi zinaenda ofisi gani. Mmoja akanong'ona kwamba ukijibu "sijui" jina lako linafutwa. Mwingine akasema hapana, ukijibu una ugonjwa unapandishwa ndege haraka, basi yeye anavuja sana, niandike. Nikaeleza, nikarudia kueleza, mpaka koo ikakauka. Nadhani baliniamini nusu.

Nikuambie na langu. Swali lile mi ningejibu kweli. Mama yenu alivuja, bibi yenu alivuja. Nani alituambia ni ugonjwa wenye dawa?

Gabriella ni mzima. Mtoto anaota meno, anamchosha. Mume wake Rodrigue amepata kazi huko Lilongwe, Kanengo, anabeba marobota ya tumbaku kwenye ghala, anarudi mwisho wa mwezi. Usimfuate sana na simu. Mwache apumue.

Mama yako mdogo,
Antoinette

*

Area 25, Lilongwe
24 Aprili 2025

Mama Mdogo,

Daktari Thokozani alicheka habari ya simenti. Nilipofika kwa Mama Kaneza akaacha kucheka, akaweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu anayeulizwa kweli au uongo anajua maisha yake yako mezani. Mimi nami nimekaa kwenye kiti kile, na bado neno lile niliandika bila kulishtukia.

Tumebadilisha. Sasa utasema hivi: "Kuna watu wanaosema mkojo kuvuja ni jambo la kawaida. Wewe unaonaje? Ndiyo, hapana, au hujui?" Hivyo atakayekosea ni hao watu, si mama aliyekaa mbele yako. Na juu ya kila karatasi tumeandika kwamba hakuna jina na kwamba haihusiani na safari wala dosiye. Sakafu nimeitoa. Nimeweka "nyama za chini zinazoshika mkojo, kizazi na haja kubwa". Ni refu, lakini haliombi simenti.

Bamama wakichoka, wape chai kwanza.

Juzi sokoni hapa polisi walikuwa wanaangalia karatasi za wageni. Nilitoa kibali changu, kila kitu kiko sawa, na bado niliondoka nikaziacha nyanya nilizokwisha kulipia. Tangu siku hiyo natembea nikiangalia nyuma. Nikirudi nyumbani naangalia mlango.

Kuhusu Gabriella, unasema ni mzima. Alexis anasema hajamwona kwenye kwaya tangu mwaka jana. Gabriella aliyekuwa anaimba hata akichota maji? Anasema pia kwamba siku hizi akipita sokoni hasimami kusalimia, anapita pembeni kama mtu mwenye deni. Nilimwandikia ujumbe mrefu Jumapili. Amenijibu: "Tuko." Nieleze, Mama Mdogo. Kama ana hasira na mimi, afadhali anitukane.

Raïssa

*

Dzaleka
6 Mei 2025

Raïssa mwanangu,

Safari hii ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. "Kuna watu wanaosema" imefanya kazi. Bamama walikuwa wanabishana na hao watu wako kana kwamba wako chumbani. Olga alisema, "Hao watu ni bapumbavu, waandikie hapana." Mama Kaneza naye alijibu yote, na mara mbili akasema hajui, bila kuogopa.

Kisha nikafika swali la kumi na saba. Unalikumbuka? "Kuna watu wanaosema mwanamke anayeshindwa kuzuia hewa au haja kubwa baada ya kuzaa hawezi kusaidiwa na hospitali. Wewe unaonaje?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mama mmoja kijana akamfunga mtoto wake mgongoni, akatoka, na chai yake ikabaki. Olga akasema polepole, "Hiyo usitusomee mbele ya watu. Hiyo mtu anakufa nayo." Nikapita, nikasoma la kumi na nane.

Nimekutumia karatasi zote. Pale utaona weupe mtupu.

Nilisoma jibu kwenye karatasi yako nikiwa nyumbani peke yangu. Umeandika kwamba si kweli, kwamba anaweza kusaidiwa. Una hakika? Si maneno ya wazungu tu kwa watu wenye hospitali zao? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Gabriella anasalimia.

Antoinette

*

Area 25, Lilongwe
15 Mei 2025

Mama Mdogo,

Nina hakika. Wakati wa kuzaa, nyama inayozunguka njia ya haja kubwa inaweza kuchanika, na mtu akashonwa juu juu tu au asishonwe kabisa. Kuna mazoezi, na kuna daktari anayeweza kuifungua na kuishona upya, hata hapa Malawi. Si kila mtu anapona kabisa, lakini wengi wanapata nafuu.

Kazi yako imesifiwa kwenye mkutano. Lakini swali la kumi na saba tunalitoa. Daktari Thokozani anasema swali ambalo kikundi kizima kinaliacha wazi halipimi kitu, na litaharibu hesabu ya maswali mengine. Wa Chichewa nao walilijibu kwa shida. Nilijaribu kulitetea kidogo, kisha nikaona ana haki. Mwezi ujao tunafunga karatasi ya mwisho, na mimi nataka kazi hii imalizike bila matatizo. Kibali kinaisha Julai.

Nimesikia Rodrigue alionekana Kanengo amelewa katikati ya wiki. Rodrigue halewi. Kuna nini katika nyumba ile?

Raïssa

*

Dzaleka
17 Mei 2025

Raïssa,

Msilitoe.

Wewe unasema haliwezi kupima kitu kwa sababu bamama balinyamaza. Mi nilikuwa chumbani. Walinyamaza kwa sababu wanajua. Sikuwahi kusikia swali hilo likiulizwa na mtu yeyote, wala hospitali, wala kanisani, wala mama yangu mzazi. Mkilitoa, mtakuwa mmekubaliana na Olga kwamba mtu anakufa nalo.

Lisomwe kwa namna nyingine. Lisomwe kwa mtu mmoja mmoja, sikioni. Mi nitazunguka nyumba kwa nyumba. Lakini msilitoe.

Sina maneno mengine leo. Alexis anangoja na baiskeli.

Antoinette

*

Area 25, Lilongwe
26 Mei 2025

Mama Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hujawahi kuniandikia kwa ukali hivyo, hata nilipoacha shule mwaka ule wa vita ulinibembeleza.

Nakuandikia sasa kama mwanao na kama muuguzi. Najua ni wewe. Ulizaa watoto watano, wa mwisho njiani tukikimbia vita vya kwanza, chini ya mti wa barabarani, bila mkunga. Nakumbuka hukuwa unaketi kanisani mpaka wimbo wa mwisho. Nakumbuka unakataa safari ndefu. Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Ulivyoniuliza "una hakika?" nilipaswa kusikia mara ile ile.

Usione aibu na mimi. Daktari Thokozani amekubali kukuona hospitali anakofanya kazi, Jumanne ya tarehe 10 Juni, asubuhi. Sikumtajia jina. Nilisema ni mama wa familia yangu. Omba ruhusa ya kutoka kambini mapema, sema ni matibabu. Nitakungoja mapokezi. Hakuna atakayejua, hata Gabriella sitamwambia.

Na swali nimeliombea nafasi. Nilisimama mbele ya wote nikasema maneno yako, kwamba ukimya wa chumba kile nao ni jibu. Daktari amesema sawa, lijaribiwe kwa mtu mmoja mmoja, na likikataliwa tena linatoka.

Mwanao anayekupenda,
Raïssa

*

Dzaleka
2 Juni 2025

Raïssa mwanangu,

Ruhusa imepatikana. Mwenye shida hiyo atakuja Jumanne. Usisimame mapokezi na uso wa polisi. Ukimwona, msalimie kwanza, uliza habari za njiani, chukua mzigo wake. Maswali baadaye.

Rodrigue alikuja hapa Jumamosi. Alikaa kwenye kiti cha mashine akiangalia mikono yake. Aliniambia, "Mama, mke wangu ana mtu." Nikamwambia hana. Akasema, "Mbona hataki nimsogelee? Mbona anafua kanga kabla jua halijatoka, kama anayefuta kitu?" Nikasema hana mtu, naapa mbele ya Mungu. Akaniuliza basi ana nini. Mi nikashika kitambaa nikaanza kushona. Nilishona mkono wa blauzi kinyume.

Niombee.

Antoinette

*

Area 25, Lilongwe
13 Juni 2025

Mama Mdogo,

Nimengoja siku hizi zipite ili nisikuandikie kwa hasira. Hazijasaidia sana.

Nilifika mapema. Nilitafuta kitambaa chako cha kijani kwa kila mwanamke aliyeingia. Kisha nikamwona Gabriella mlangoni, Cadeau mgongoni, amejifunga vitenge viwili na sweta juu yake. Nikafikiri amekusindikiza. Nikatazama nyuma yake.

"Mama Mdogo yuko wapi?"

"Hakuja."

"Anaumwa?"

"Ni mimi, Raïssa. Ile nafasi ni ya kwangu."

Sikumuuliza habari za njiani. Sikuchukua mzigo. Yeye ndiye aliyenishika mkono akaniketisha, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu huyu," akagusa mguu wa Cadeau. Mvua ile kubwa, hakuna gari, jirani ndiye aliyempokea mtoto, na mtoto alikuwa mkubwa. Nilikuwa najua hayo. Yaliyofuata sikuyajua. Mwaka mzima na zaidi, Mama Mdogo.

Ndani, Daktari alizungumza Kiingereza, na hakukuwa na mwingine wa kutafsiri. Kwa hiyo ilinibidi niwe mdomo. Nilimuuliza mdogo wangu mwenyewe, "Unashindwa kuzuia hewa? Haja laini? Ngumu? Inatokea ukicheka, ukibeba ndoo, ukiimba?" Ni maneno niliyoyatafuta miezi mitatu mezani kwangu, nikayapima, nikayafuta, nikayarudisha. Gabriella alinitazama machoni, akajibu kila mara hivi: "Muambie ndiyo." Kana kwamba mwulizaji hakuwa mimi. Kwenye neno "ukiimba" alifumba macho, akasema, "Muambie njo maana niliacha kuimba."

Daktari amempima. Nyama ilichanika pale alipojifungua, na sehemu mbili zimepona mbali mbali. Daktari mpasuaji anaweza kuzikutanisha. Amempangia Agosti. Mpaka wakati huo amemfundisha mazoezi, na Gabriella aliyashika upesi kuliko wanafunzi wenzangu wa uuguzi.

Sasa nakuuliza. Niliandika barua baada ya barua nikilia kwamba ananikasirikia. Uliona nikijitesa, ukaniandikia "anasalimia". Ulijua, na muuguzi ni mimi. Kwa nini?

Raïssa

*

Dzaleka
20 Juni 2025

Mwanangu Raïssa,

Una haki ya kuuliza, na nitajibu bila kuzunguka.

Alinishika miguu akaniapisha. Alisema, "Raïssa asijue. Akijua hataniona tena mimi. Ataona ugonjwa. Kila simu itakuwa ni hiyo." Ni mdogo wako, anakujua. Nami nilimwona anapungua kila wiki, na jambo moja tu alilonalo mkononi ni kwamba wewe humjui vile. Ningemnyang'anya na hilo?

Tena nilikuwa nafikiri hakuna dawa. Hilo njo linaniuma. Nilimwambia aoge maji ya chumvi, ajifunge vizuri, avumilie. Nilimwambia hivyo kwa upendo, mwaka mzima. Halafu ikaja karatasi yako ya majibu. Nilikaa kitandani nikiishika. Yule mama kijana niliyekuandikia kwamba alitoka akaacha chai, ni yeye. Nilimfuata usiku ule ule, nikamwambia, "Imeandikwa kwamba si kweli. Imeandikwa inasaidiwa." Akasema, "Waulize kama wana hakika." Ndiyo nikakuuliza.

Barua yako ya kunidhania mimi ilipokuja, nilimsomea. Alicheka, Raïssa. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Kisha akaenda nje haraka, akarudi akalia, akasema, "Kama anaweza kukupenda wewe vile ukiwa na shida hiyo, basi nitakwenda." Kwa hiyo kukosea kwako ndiko kulikomfikisha hospitali, si siri yangu.

Rodrigue bado hajui. Nimemwambia Gabriella kwamba hilo sitalibeba. Aseme yeye.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na swali. Wengi wamejibu. Wengine wamejibu halafu wakanishika mkono, wakauliza na wao siku yao ya hospitali ni lini. Nimewaandika pembeni kwenye karatasi nyingine, bila majina. Muulize Daktari atawapokea wangapi.

Kuhusu mimi, ni kweli huwa siketi mpaka wimbo wa mwisho. Ni magoti.

Antoinette

*

Dzaleka
19 Oktoba 2025

Dada Raïssa,

Barua ndefu sijazoea, mwenye kuandika nyumbani kwetu ulikuwa wewe. Lakini leo nimeketi nimeazimia.

Nianze na Rodrigue kwa sababu Agosti hospitali, siku za operesheni, hatukupata nafasi ya kuongea, wewe na Mama Mdogo mlikuwa mnazunguka kitanda kama kuku. Nilimwambia Julai, msimu wa tumbaku unakaribia kuisha. Nilimwambia nje, tukiwa tunachambua maharagwe, ili niwe na kitu cha kutazama. Nilisema yote, na maneno niliyotumia ni yako yale, nyama za chini, kushindwa kuzuia, kwa sababu mengine ninayoyajua ni matusi.

Alichambua kiganja kizima cha maharagwe. Kisha akasema, "Njo maana unaweka mtoto katikati?"

"Ndiyo."

"Mi nilifikiri ni harufu ya tumbaku."

Sikuelewa. Akaniambia kwamba kila akitoka Kanengo alikuwa anaoga mara mbili kwa sabuni ya kufulia kabla ya kuja, mpaka ngozi inapasuka. Alifikiri namkimbia kwa sababu ananuka, na kwamba nimepata mwingine asiyenuka. Tulitazamana pale na maharagwe yetu, Dada. Msimu mzima kila mmoja alikuwa anaficha harufu yake kwa mwenzake.

Nilitegemea hapo atanishika. Hakunishika. Aliuliza, "Mama Mdogo alikuwa anajua?" Nikasema ndiyo. Akasimama, akaenda, na kesho yake akarudi Kanengo bila kuaga. Aliniacha hivyo mpaka wiki ya operesheni. Kisha akafika, akapanga begi la Cadeau vibaya, akasema yeye atakaa na mtoto. Bado hamwangalii Mama Mdogo usoni vizuri. Anamsalimia. Itachukua muda.

Hali yangu. Haja naizuia. Hewa bado mara nyingine inanishinda, hasa jioni nikichoka, lakini sasa najua kabla. Mazoezi nafanya asubuhi nikikoroga uji, hakuna anayeona. Kwaya nimerudi, lakini nasimama pembeni, na noti za juu nawaachia wengine kwanza. Olga aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa hospitali, na nikamwambia ya nini. Alinivuta nyuma ya kanisa, akaniuliza mengi kwa sauti ndogo, na sikumuuliza anauliza kwa ajili ya nani.

Mama Mdogo amefurahi kwamba swali limebaki kwenye karatasi ya mwisho na kwamba kibali chako kimeongezwa. Anataka mafundisho yaanze Januari. Ameniomba nikae naye wakati wa kusoma, niwe wa kwanza kujibu. Nimekubali, ila nimemwambia sitasimulia maisha yangu. Nitajibu tu.

Sasa kilichonifanya niandike. Rodrigue ameniuliza kama tunaweza kupata mtoto mwingine. Ameuliza vizuri, hakunisukuma. Nimemwambia angoje nikuulize wewe. Maana nakumbuka siku ile ya kutoka hospitali, Daktari alisema maneno marefu akiniangalia tumbo, na wewe ukasita, kisha ukaniambia, "Anasema upumzike vizuri." Kiingereza sijui, lakini najua urefu wa maneno. Yake yalikuwa marefu, ya kwako yakawa mafupi. Hata Cadeau angeona.

Najua ulinihurumia. Nami nilikuwa nawahurumia wote, na umeona tulikofika.

Uniandikie alichosema, chote, hata kama ni kibaya, hata kama ni kisu tena. Usimwandikie Mama Mdogo anisomee. Nimeshamwambia apumzike na mambo yangu. Alexis anarudi Ijumaa. Bahasha uiandike jina langu.

Mdogo wako,
Gabriella